Kiatu cha Kushoto cha Asnakech

Jumanne, tarehe 5 ya mwezi wa Hidar, mwaka 2010 kwa kalenda yetu. Baridi kali. Umande uliganda juu ya majani na ukungu haukuondoka mpaka saa tatu. Upepo hakuna. Waliofika msituni ni kumi na wanne. Asiyefika ni Asnakech Habtewold, Jumanne ya tatu mfululizo.

Hayo ndiyo niliyoandika katika daftari la kikundi chetu cha wakimbiaji asubuhi ile, na nisingeongeza neno kama Mestawet, mmoja wa wasichana wetu, asingekuja kusimama nyuma ya bega langu akisoma.

"Usimwandike hayupo, Gashe Lemma," alisema; Gashe ni heshima tunayowapa wakubwa. "Andika hajulikani alipo."

"Alisema anampeleka mtoto shule."

"Shule gani hiyo ya kumpeleka mtoto mpaka saa nne? Kutoka kwake mpaka pale ni mwendo wa robo saa, tena ukiwa na kilema."

Nililiacha neno "hayupo" na pembeni yake nikatia alama ya kuuliza kwa penseli.

Hapa Debre Birhan mkimbiaji hakimbii peke yake. Hakuna mahali palipoandikwa hivyo, lakini hata mtoto anajua. Tunapita kati ya mikaratusi katika mstari mmoja, wa nyuma akikanyaga pale pale alipokanyaga wa mbele, na kuongoza ni kwa zamu. Aliye mbele huwachagulia wenzake njia, huwakwepesha mizizi na mashimo. Tukimaliza tunakunywa chupa moja na kula sahani moja. Anayefanya mazoezi yake kando huonekana kama mtu anayekula gizani. Watu hujiuliza anaficha nini, na wakishajiuliza hawakosi jibu.

Asnakech alikuwa na miaka thelathini na mitatu. Aliwahi kukimbia akiwa msichana, akaacha alipoolewa, akarudi kwetu miaka miwili iliyopita akiwa na watoto wawili, Meklit wa miaka kumi na mmoja na Nahom wa miaka mitano. Mumewe ni dereva wa malori ya bandari ya Djibouti, na kila aliyeuliza aliambiwa kwamba yuko huko kwa mkataba mrefu. Mchana alioka mikate ya injera kwa migahawa miwili ya karibu na stendi, na mikono yake ilinuka chachu hata siku za mbio. Hakuwa msemaji. Alifika, alikimbia, aliondoka.

Mwezi uliofuata kulikuwa na nusu marathoni mjini Hawassa. Katika gari la kikundi wanawake walikuwa na nafasi mbili. Ya kwanza ilikuwa na mwenyewe na hakuna aliyebishana. Ya pili ilibaki kati ya Asnakech na Mestawet. Mestawet ana miaka ishirini na mbili, na akikosa mwaka huu ataenda mwakani. Klabu zinazoajiri wakimbiaji hutuma watu wao kuangalia mbio hizo, na mwanamke wa umri wa Asnakech haangaliwi mara mbili. Alilijua hilo, na sisi sote tulilijua.

Alhamisi, tarehe 7. Jua, upepo wa mashariki. Mbio za kasi juu ya lami, saa kumi alasiri. Alhamisi alasiri na Jumamosi Asnakech hakosi. Katika kilomita nane alimwacha Mestawet kwa sekunde arobaini na mbili. Nilikuwa na saa mbili mikononi, ya kikundi na yangu mwenyewe, na zote zilisema hivyo hivyo. Mtu amekosa mazoezi ya Jumanne wiki tatu, halafu anakuja anawaacha waliohudhuria yote. Niliziandika namba na sikuzipenda.

Chupa ya maji ilipozunguka, Asnakech alikunywa, akampa Mestawet. Mestawet aliishika, akaigeuza juu chini, akaitazama ikimwagika mpaka tone la mwisho.

"Yalikuwa na inzi," alisema.

"Inzi wa baridi hii yote?" alisema Sintayehu, kijana wetu wa maneno. "Huyo inzi apewe nafasi ya Hawassa."

Watu walicheka kidogo, wakaacha. Asnakech alikwenda kwenye bomba la kituo cha mafuta kuijaza chupa tena. Raba zake alikuwa amezivua na kuziacha kwenye nyasi pamoja na zetu, maana tulikuwa tunabadilisha viatu. Mestawet aliinama, akaigeuza ya kushoto.

Soli ililika upande mmoja tu, ule wa nje, kama sabuni iliyosuguliwa na mtu mvivu. Ya kulia ilikuwa sawasawa. Mestawet aliingiza kidole ndani, akabonyeza kisigino, uso ukabadilika. Aliitupa raba kama mtu aliyeshika kaa la moto.

"Kuna kitu kimeshonwa humo chini," alisema polepole. "Ngozi. Kimekunjwa."

Aliyelelewa hapa hahitaji kuelezwa zaidi. Kitu kidogo kilichoshonwa ndani ya ngozi ni hirizi, na wanaoziandika ni madebtera, wasomi wa kanisa waliosoma zaidi ya walichotumwa. Inasemekana wapo wanaoweza kuchota nguvu ya mkimbiaji mmoja na kumwekea mwingine. Na Mestawet miguu ilikuwa mizito kwa wiki mbili. Hilo liko katika daftari langu, tarehe na muda wake. Nakiri kwamba jioni ile nilirudi kurasa za nyuma nikazipanga siku alizokosa Asnakech mkabala na siku alizolegea Mestawet. Zililingana kuliko nilivyotaka.

Jumamosi, tarehe 9. Mbio ndefu msituni. Zamu ya kuongoza ilipofika kwa Asnakech, mstari ulikatika nyuma yake. Aliyemfuata alisogea hatua moja kulia, na wa nyuma yake akafanya vivyo hivyo. Watu kumi na wanne walikimbia pembeni ya njia, kwenye mizizi na mawe, ili wasikanyage alipokanyaga mguu wake wa kushoto. Mmoja aliteguka kifundo. Asnakech aligeuka mara moja, akaona, akaendelea kuongoza mstari ambao haukuwepo.

Kocha Wubishet aliniita kando siku hiyo.

"Mimi hirizi siziamini," alisema. "Ninachoamini ni kocha mwingine. Kuna mtu anamfundisha pembeni. Atatumia jina letu kwenda Hawassa, akifika huko avae fulana ya watu wengine. Nishaona."

"Umemuuliza?"

"Kasema anampeleka mtoto shule. Jumanne hakuna mazoezi, ni sikukuu ya Mikaeli. Mfuate, Lemma. Wewe ukiwa barabarani mtu hakuoni."

Jumanne, tarehe 12 Hidar. Moshi mji mzima. Siku hiyo kila nyumba huchoma takataka zake mbele ya mlango, na kufikia saa mbili asubuhi mtu wa hatua thelathini mbele yako ni kivuli tu. Kanisani watu walikuwa wengi. Asnakech hakwenda kanisani, nalo niliandika.

Alitoka kwake amemshika Nahom mkono, mtoto amevaa sweta ya shule na kofia ya sufu. Chini ya gabi, shuka zito alilojitanda, niliona suruali ya mbio. Niliwafuata kwa umbali hadi shule ya chekechea iliyo nyuma ya soko la shayiri. Mtoto aliingia. Asnakech alilikunja gabi, akaliweka juu ya jiwe karibu na lango, akapotea katika moshi. Nilijibanza kwenye ukuta ng'ambo ya njia, nikasubiri kocha mwingine atokee. Hakutokea mtu. Alitokea Asnakech mwenyewe, upande wa pili, akikimbia, uzio wa shule ukiwa kushoto kwake. Akapita. Akatokea tena. Alikuwa anaizunguka shule.

Mtu mzima, siku ya malaika, ndani ya moshi, anazunguka mahali pamoja kwa upande mmoja. Wanaotumwa na debtera huzunguka mara saba, ndivyo nilivyosikia tangu utotoni. Nilianza kuhesabu. Nne. Tano. Kila mzunguko dakika moja na sekunde hamsini. Mara moja ulikuwa hamsini na moja. Sita. Wa saba nilishika penseli bila kuandika, nikingoja aitoe raba, achimbe chini, aseme neno.

Wa saba ulipita. Ukaja wa nane, sawasawa na wa saba.

Nilikata shauri kuvuka njia na kusogea karibu na uzio. Ni uzio wa mabati wenye pengo moja, upana wa kiganja, mkabala na dirisha la darasa la wadogo. Kwenye dirisha lile palikuwa na kofia ya sufu. Asnakech alipopita penye pengo alipiga bati mara moja kwa kiganja, bila kupunguza mwendo, na kofia ikazama. Baada ya dakika moja na sekunde arobaini hivi ikaibuka tena kusubiri.

Nilihesabu mpaka kengele ya mapumziko. Kisha nilipima uzio kwa hatua: mita mia nne na kumi, karibu sana na hapo. Nilikuwa bado nakokotoa aliponisimamia mbele, amekwishajitanda gabi.

"Gashe Lemma. Umehesabu ngapi?"

Niliona haya, lakini uongo nao ungekuwa haya zaidi. "Thelathini na tisa."

"Ni arobaini. Wa kwanza moshi ulikuwa mwingi mno, hukuuona." Alijifuta uso. "Kocha ndiye kakutuma, au Mestawet?"

"Kocha."

"Afadhali."

Aliniambia kwa maneno machache, akitazama lango. Baba yake Nahom ndiye aliyekuwa akimpeleka shule. Asubuhi moja alimwacha pale langoni akamwambia nakuja sasa hivi. Misimu miwili ya mvua kubwa imepita tangu hapo. Hakuna mkataba, hakuna hata simu. Alipomrudisha shule mwezi uliopita, Nahom alikubali kuingia kwa sharti moja, kwamba amwone mama yake akipita mpaka kengele ilie. Wiki ya kwanza alipita kwa kutembea. Akaona ni saa nzima na robo inayopotea bure kila siku, mtu ana injera za kuoka na ana mbio mbele yake.

"Nikaanza kukimbia," alisema. "Ndiyo hivyo tu."

"Na kwa nini upande mmoja siku zote?"

"Nikigeuza anadhani nimeondoka. Nilijaribu mara moja, walimpata langoni analia."

"Ungetueleza."

"Nilieleza siku ya kwanza. Nampeleka mtoto shule." Aliniangalia sasa. "Waambie hivyo hivyo. La baba yake usiliseme."

Jumatano, tarehe 13. Mawingu, baridi ya wastani. Kikao uani kwa Kocha Wubishet, saa kumi alasiri. Nilisoma nilichoandika: mizunguko, muda, urefu wa uzio. La baba sikulisoma. Watu walisikiliza kama wanavyosikiliza hotuba ya diwani.

"Basi huyo anakimbia peke yake kila siku ya shule," alisema Mestawet, "na Gashe Lemma anatusomea kana kwamba ni sifa. Na kiatu?"

Asnakech aliivua raba ya kushoto akamrushia. Mestawet hakuishika kwa mkono; aliibana kwa magoti, akaomba wembe, akachana soli ya ndani. Waliokuwa karibu walirudi nyuma hatua moja, na Sintayehu pia, ingawa baadaye alisema alikuwa anatafuta pa kutemea.

Kilichotoka kilikuwa kipande cha ngozi kilichokunjwa mara mbili. Kilikuwa na tundu la kishikizo, na pembeni nusu ya ua la rangi lililofifia. Kilikatwa kwenye mkoba wa zamani wa shule wa Meklit, ili kuinua kisigino upande unaolika.

"Hirizi ya darasa la kwanza," alisema Sintayehu. "Itatutia nguvu ya kujumlisha."

Wachache walicheka. Mestawet alikigeuza kipande huku na huku, akakikunjua, akakiinua kwenye mwanga.

"Debtera hashindwi kuandika kwenye mkoba wa shule," alisema. "Wino wao hauonekani."

"Sasa kama hauonekani wewe umeuonaje?" aliuliza Kocha.

"Sijasema nimeuona."

Kocha alizungusha kikombe chake. Ilikuwa wazi kwamba dhana yake ya kocha mwingine imemponyoka, na hakufurahi. "Sikiliza, Mama Meklit," alisema mwishoni. "Kwa muda uliokimbia, nafasi ni yako. Kwa utaratibu wetu, anayekimbia peke yake hana nafasi. Nikikupa wewe, kesho kila mtu ana uzio wake. Wiki tatu tu hizi, uache uzio. Mtoto atazoea."

"Hatazoea."

"Watoto wote hulia wakazoea."

Asnakech alisema mbele ya wote lile aliloniomba nisiliseme.

"Baba yake alimwacha langoni akamwambia nakuja sasa hivi. Hajarudi. Mimi nikimwambia ni wiki tatu tu, yeye ataanzia wapi kuniamini?"

Mwanamke mmoja aliuvuta mtandio wake mbele. Jirani wa Asnakech wa miaka yote, aliyekuwa akiuliza habari za Djibouti kila Jumapili, alitazama chini.

"Basi iwe hivi," alisema Kocha, kwa sauti ndogo zaidi. "Majina natuma kesho saa nne. Mmoja wa kikundi akimbie naye kwenye uzio, tangu mzunguko wa kwanza mpaka wa mwisho, Lemma ashuhudie. Hapo hatakuwa peke yake. Asipopatikana mtu, aende Mestawet. Nani ataenda?"

Nilikuwa na penseli mkononi. Sikupata jina la kuandika. Kuzunguka mara arobaini kwenye ardhi ngumu huua kifundo, na Hawassa ilikuwa karibu. Hiyo ndiyo sababu waliyoitoa. Ile nyingine niliisoma kwenye miguu yao, jinsi walivyokuwa wamekaa mbali na kile kipande cha ngozi kilichobaki chini. Asnakech alikiokota, akakitia mfukoni, akaondoka akichechemea kwa raba iliyochanwa.

Alhamisi, tarehe 14 Hidar. Anga safi, barafu kwenye madimbwi, moshi umekwisha. Asnakech alifika langoni saa mbili na dakika ishirini. Raba ya kushoto ilikuwa imeshonwa kwa uzi wa gunia, na kisigino kimeinuka kama kawaida. Alimwingiza Nahom, akakunja gabi, akaliweka juu ya jiwe. Alitazama njia ya sokoni, kisha ile ya kanisani. Hakuna aliyekuwa anakuja. Alinitazama mimi, nami nikatazama daftari.

Kisha Mestawet akatoka nyuma ya ukuta ule ule niliojibanza mimi Jumanne.

"Nimekuja kuona," alisema. "Mtu hazunguki mara arobaini. Unajificha nyuma ya choo cha shule unapumzika, halafu unatokea. Gashe Lemma anaona upande mmoja tu."

"Twende uone," alisema Asnakech.

Aliondoka, na Mestawet akamfuata hatua mbili nyuma. Mizunguko ya mwanzo alikimbia akiwa amejitenga kulia, shingo imenyooka, akikagua kila kona. Nyuma ya choo hakuna aliyepumzika. Asnakech naye alikuwa na wasiwasi wake. Mara mbili aliongeza kasi ghafla, kama anayetaka kujua anayemfuata ana nia gani, na mara mbili Mestawet alibaki pale pale. Penye pengo Asnakech alipiga bati. Kofia ilizama, ikaibuka, na safari hii ilibaki juu muda mrefu kuliko kawaida.

Upande wa soko kuna mawe, na njia nyembamba kati yake inatosha mguu mmoja. Mzunguko wa kumi na moja Mestawet alijikwaa hapo. Kuanzia wa kumi na mbili aliacha kukimbia pembeni, akawa anakanyaga alipokanyaga Asnakech, mguu kwa mguu, wa kushoto na wa kulia.

Katika wa thelathini na tatu alipita karibu yangu akihema. Sijui kama ndipo alipofikiri maneno ya Kocha kuhusu mtu wa kukimbia naye, au alikuwa ameyafikiri tangu usiku.

"Gashe Lemma," alisema, "usiandike jina langu."

"Nimeshaliandika," nilimwambia, na ni kweli, kwa wino.

Hakuacha. Walimaliza arobaini pamoja, na kengele ikalia walipokuwa wanapunguza mwendo. Nilimpigia Kocha simu saa nne kasoro dakika tano nikamsomea majina mawili kama yalivyoandikwa, la Asnakech na la Mestawet aliyekimbia naye. Alikohoa, akasema sawa, akakata.

Mestawet alikuwa ameinama, mikono magotini. Asnakech alitoa chupa kutoka ndani ya gabi, akaifungua. Alikunywa kwanza yeye, mafunda matatu, mdomo ukigusa chupa, mwenzake akimwona. Kisha alifuta mdomo wa chupa kwa ncha ya gabi, akamnyooshea.

Mestawet aliipokea. Aliiinua usawa wa jua akaitazama, akanusa, akanitazama mimi kana kwamba nilikuwa na la kumwambia. Halafu akanywa.

Asnakech hakumsubiri amalize. Alikuwa na unga wa kukanda; alijitanda gabi, akapiga bati mara moja, akashika njia ya nyumbani.